Pampu ya Mafuta Haipati Umeme: Dalili, Visababishi na Vipimo vya Kufanya Kabla ya Kununua Pampu Nyingine

Malalamiko yanayowafikia mafundi wa waya wa Nairobi kuhusu pampu ya mafuta yanafanana sana. Stata inapiga lakini gari haliwaki. Gari limezima kwenye foleni ya Mombasa Road, limekaa nusu saa, kisha limewaka kana kwamba halikuwa na lolote. Gari linakatakata likipanda kuelekea Limuru, lakini likirudi mjini liko sawa. Fyuzi ileile imeungua tena. Mara nyingi mwenye gari huja akiwa ameshaambiwa kwamba "ni pampu", na wengine wameshanunua nyingine Kirinyaga Road, wakaifunga, na gari bado limelala.

Pampu ni mota tu. Usipoipa umeme wa kutosha, hata iliyotoka kwenye boksi leo haitasukuma kitu. Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: usinunue pampu kabla hujapima volti kwenye plagi yake, ikiwa imechomekwa na inatakiwa kufanya kazi.

Maelezo haya ni ya magari ya petroli yenye injekta na pampu ndani ya tanki, yaani Vitz, Fielder, Note, Impreza na mengineyo kama hayo. Dizeli ina mambo yake.

Umeme unapita wapi

Unatoka betri, unapita kwenye fyuzi (mara nyingi ya ampea 15 au 20), unaingia kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), unafuata waya chini ya zulia hadi kwenye tanki, unazungusha pampu, halafu unarudi kupitia waya wa ethi, yaani wa hasi, uliofungwa kwenye bodi. Rilei yenyewe inaamriwa na kompyuta ya gari. Kompyuta haitoi amri hiyo ovyo: inataka swichi iwe imewashwa, imobilaiza (kinga ya wizi) iwe imeutambua ufunguo, na sensa ya kranki (ekseli kuu ya injini) iseme kwamba injini inazunguka.

Hata hivyo, kwenye magari mengi, ukiwasha swichi bila kupiga stata, pampu hulia kwa sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Subaru na Honda hufanya hivyo. Toyota nyingi hazifanyi: pampu yake huanza tu stata inapozungusha injini. Watu wengi wamebadilisha pampu nzima ya Toyota kwa sababu "haikulia" swichi ilipowashwa, na haikutakiwa kulia.

Vifaa: maltimita ya kawaida kama zile za Luthuli Avenue, testa ya balbu, pini nyembamba za kupimia nyuma ya plagi, na mtu wa kukaa kwenye usukani. Sigara ikae mbali. Kama tanki limefunguliwa au unasikia harufu ya petroli ndani ya gari, usiwashe testa wala usiguse plagi yoyote. Fungua milango, subiri harufu iishe, na utafute inakotoka kwanza.

Stata inapiga, gari haliwaki, pampu haisikiki

Anza na betri, hata kama stata inazunguka. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inapiga, kompyuta yenyewe inaweza kuchanganyikiwa, na vipimo vyote utakavyofanya baadaye vitakudanganya. Chaji kwanza.

Kisha mwambie mwenzako apige stata huku wewe umefungua kifuniko cha mafuta na kutega sikio. Kimya? Piga chini ya tanki kwa ngumi au nyundo ya mpira huku stata inapigwa. Gari likiwaka, umepata jibu: brashi za ndani ya pampu (vipande vya kaboni vinavyoingiza umeme kwenye mota) zimeisha na mtikisiko umezigusanisha kidogo. Hapo ni pampu kweli. Itakufikisha nyumbani, pengine na kesho, lakini usiende nayo Nakuru.

Isipoamka, fuata visababishi kwa mpangilio huu.

Traka (kifaa cha kufuatilia gari) na alamu. Ninaiweka mbele ya fyuzi kwa makusudi. Magari mengi ya hapa yamefungwa alamu au traka yenye rilei ya kukata mafuta, hasa yale yaliyonunuliwa kwa mkopo. Aliyefunga alikata waya wa pampu, akaunganisha rilei ndogo katikati, akazungushia tepu na kuficha chini ya dashibodi. Miaka mitatu baadaye tepu imelegea kwa joto, waya umeoza kwenye kiungo, au rilei yenyewe imekufa. Tafuta waya usiofanana na mingine, wenye tepu isiyo ya kiwandani, ukianzia chini ya usukani. Ukitikisa kile kifurushi huku stata inapigwa na pampu ikashtuka, hapo ndipo. Usikate na kuunganisha moja kwa moja kabla ya kuzungumza na kampuni iliyofunga, maana gari la mkopo lina masharti yake. Na kabla ya kumlaumu fundi yeyote, hakikisha umelipa mwezi huu, kwa kuwa traka hizo huweza kuzimwa kutoka ofisini. Kwa wenye matatu, kagua pia kidhibiti mwendo. Tangu sheria za 2004 zilizoweka kilomita 80 kwa saa, vidhibiti vya kila aina vimefungwa kwenye magari ya abiria, na baadhi hukata umeme wa pampu gari likizidisha mwendo.

Fyuzi. Usiiangalie kwa macho tu. Weka testa kwenye vile vitobo viwili vya juu vya fyuzi, swichi ikiwa imewashwa. Vyote viwili viwashe taa. Kwenye Toyota nyingi mzunguko huu una fyuzi iliyoandikwa EFI na nyingine IGN, nazo ziko kwenye maboksi tofauti. Usiishie kwenye moja.

Rilei. Njia nyepesi ni kubadilishana na rilei ya honi au ya feni, mradi zifanane kwa namba na kwa miguu. Gari likiwaka, umemaliza. Ukitaka kupima, miguu ya 85 na 86 ndiyo koili (waya wa ndani unaoifunga rilei ukipewa umeme), nayo husoma takriban omu 50 hadi 120. Miguu ya 30 na 87 ndiyo inayopitisha umeme wa pampu. Rilei nyingi za Toyota zina namba 1, 2, 3 na 5: koili ni 1 na 2.

Kuna jaribio linaloligawa tatizo mara mbili. Chomoa rilei, kisha unganisha tundu la 30 na la 87 kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 15. Pampu ikilia, njia ya kutoka hapo hadi kwenye tanki ni nzima, na shida iko kwenye rilei au kwenye amri yake. Isipolia, shida iko mbele, kuelekea tankini. Ni jaribio la dakika moja. Usiendeshe gari hivyo hata mtaa mmoja, kwa sababu likipata ajali pampu haitazima na itaendelea kumwaga petroli.

Plagi ya tanki na ethi. Kwenye magari mengi madogo plagi iko chini ya kiti cha nyuma, chini ya kifuniko cha bati. Itakuwa na nyaya kadhaa. Zile mbili nene ni za pampu, nyembamba ni za geji ya mafuta. Usiichomoe. Ingiza pini kwa nyuma na upime huku stata inapigwa:

- Mita ikiwa juu ya nyaya zote mbili nene na ikasoma karibu sawa na betri, lakini pampu imenyamaza: pampu imekufa. Sasa unaweza kuinunua.
- Waya wa chanya unasoma sifuri ukipimwa na bodi: umeme umepotea njiani. Rudi nyuma kuelekea kwenye rilei.
- Waya wa chanya una volti 12, na ule wa hasi nao unasoma 12 ukipimwa na bodi: ethi imekatika. Fuata waya wa hasi hadi kwenye boliti yake, kwangua kutu na rangi, kisha kaza.

Hali hii ya tatu ndiyo inayowatia watu hasara. Fundi huweka testa kwenye chanya, taa inawaka, anatangaza kwamba "umeme unafika, ni pampu". Taa yake ilipata ethi nzuri kutoka kwenye bodi. Pampu haikuipata.

Amri ya kompyuta. Kama jaribio la waya liliiamsha pampu na rilei ni nzima, koili haipati amri. Tazama taa ya ufunguo kwenye dashibodi. Ikipepesa injini inapozungushwa, imobilaiza imekataa, basi jaribu ufunguo wa pili. Tazama pia sindano ya rivu (ya mizunguko ya injini) wakati stata inapiga. Isiposogea hata kidogo, shuku sensa ya kranki, na mashine ya kusoma kodi za hitilafu inaweza kukuonyesha P0335. Kodi P0230 yenyewe inahusu mzunguko wa pampu. Haisemi pampu imekufa, ingawa ndivyo inavyotafsiriwa gereji nyingi. Kuhusu kompyuta kufa: hutokea, lakini ni nadra. Yeyote anayeanza na kompyuta anakuuzia kompyuta.

Linawaka vizuri, linazima likipata moto

Hapa ndipo subira inahitajika, kwa sababu gari likifika gereji limeshapoa na halina tatizo.

Kisababishi cha kwanza ni pampu iliyochoka. Mota ikipata joto brashi hukosa mguso, ikipoa hurudi. Tabia ya kutembea na taa ya mafuta ikiwaka, ukiweka petroli ya mia tano mia tano, huharakisha jambo hili, maana petroli inayoizunguka pampu ndiyo inayoipoza. Cha pili ni kiungo cha waya au mguu wa rilei unaopanuka kwa joto. Honda za miaka ya 1990 zinajulikana kwa hili: lehemu ndani ya rilei kuu hupasuka, na gari lililoanikwa juani mchana halikubali kuwaka hadi jioni. Cha tatu si cha pampu kabisa, bali ni sensa ya kranki inayokufa kwa joto, na dalili zake ni zilezile.

Ili kuvitenganisha, chukua waya mwembamba wenye fyuzi ndogo kutoka kwenye tokeo la rilei ya pampu, upitishe hadi ndani, na uning'inize balbu ndogo abiria anapoweza kuiona. Abiria, si dereva. Endesha hadi tatizo litokee. Balbu ikizima kwanza na injini ikafuata, umeme ulikatika huko nyuma: rilei, fyuzi, alamu au amri. Injini ikizima huku balbu bado inawaka, basi shida iko mbele ya rilei: waya wa sakafuni, plagi, ethi au pampu yenyewe, au si ya mzunguko huu kabisa. Lakini angalia mfuatano kwa makini, kwa kuwa injini ikisimama kompyuta huizima pampu yenyewe baada ya sekunde moja au mbili. Balbu inayozima muda mfupi baada ya injini haimaanishi kwamba umeme ndio uliokatika kwanza.

Likikuzimikia kwenye Thika Road au Expressway, sogea pembeni, washa hazadi, weka pembetatu mbali nyuma, na abiria watoke upande usio wa magari. Kupima kusubiri.

Linawaka, lakini halina nguvu na linakatakata mlimani

Watu hubadilisha plagi za injini, koili na filta ya hewa, na gari hubaki vilevile. Mara nyingi pampu inazunguka, ila inazunguka kwa unyonge kwa sababu volti zinaliwa njiani.

Kupima volti kwenye waya ambao haufanyi kazi ni kama kupima nguvu za mbeba mizigo wa Marikiti akiwa ameketi. Waya wenye nyuzi mbili tatu zilizobaki utasoma volti 12 safi ukiwa hauna mzigo. Upe ampea sita za kubeba, nao utaporomoka hadi 9. Ndiyo maana tunapima pampu ikiwa imechomekwa na injini inanguruma.

Washa gari. Kwenye betri unatarajia kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo, shughulikia alternata kwanza. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja (DC), ncha moja kwenye chanya ya betri (tumia waya mrefu), nyingine kwenye chanya ya pampu. Isizidi 0.5. Kisha pima kati ya hasi ya pampu na hasi ya betri. Isizidi 0.2. Ukipata 1.8 upande wa chanya, rudi hatua kwa hatua: kabla na baada ya plagi ya tanki, kabla na baada ya rilei, kabla na baada ya fyuzi, na zaidi ya yote kabla na baada ya kiungo chochote cha alamu. Pale namba inaporuka ndipo palipooza. Soketi ya rilei iliyobadilika rangi kuwa kahawia ni ishara tosha.

Tahadhari moja. Magari mengine hupunguza mwendo wa pampu kwa makusudi injini isipohitaji mafuta mengi, na Subaru za turbo ni mfano unaoonekana sana hapa. Zina kidhibiti cha pampu, na mita itasoma volti chache gari likiwa limesimama. Usianze kukata waya kwa sababu hiyo. Tafuta maelezo ya gari hilo hasa.

Volti zikiwa nzuri, pima ampea. Mita ya kubana waya inayopima umeme wa moja kwa moja ni salama zaidi kuliko kuchomeka maltimita mahali pa fyuzi, maana nyingi zina kikomo cha ampea 10. Pampu nyingi za kawaida hula ampea 4 hadi 8. Ikila nyingi kuliko kawaida, filta imeziba au mota inakwama. Ikila kidogo sana huku ikilia kwa sauti kali, haina mafuta ya kusukuma. Baada ya hapo ni kazi ya geji ya presha, na huko sio umeme tena.

Fyuzi inaungua kila mara

Chomoa plagi ya pampu pale kwenye tanki, weka fyuzi mpya ya ampea zilezile, washa. Ikiungua pampu ikiwa haijaunganishwa, waya umechubuka na unagusa bodi. Isipoungua, chomeka pampu. Ikiungua hapo, pampu inakwama.

Michubuko hupenda mahali fulani: chini ya ukingo wa mlango ambapo mtu alipitisha waya za spika, karibu na boliti za viti, na pale waya unapopenya kwenda nje. Kwa magari yanayolala nje siku nyingi, tafuta pia meno ya panya.

Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Usizungushie karatasi ya fedha ya sigara. Waya huo unapita karibu na tanki la petroli.

Shida inakuja na mvua

Msimu wa Machi hadi Mei huleta magari mengi ya aina hii, na mafuriko ya 2024 yaliacha mengine ambayo bado yanahangaika. Maji yaliyoingia sakafuni huacha kutu ya kijani ndani ya plagi muda mrefu baada ya zulia kukauka. Fungua plagi chini ya kiti na boksi la fyuzi chini ya boneti, safisha kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kausha. Pini iliyoliwa haisafishiki, ibadilishe. Kuosha injini kwa mashine ya presha huleta tatizo lilelile bila mvua.

Pampu haizimi

Ufunguo umetolewa, bado inalia, na asubuhi betri imekufa. Karibu kila mara ni rilei iliyoganda ndani. Ichomoe usiku huu, nunua nyingine kesho. Lakini Volkswagen na Audi nyingi huamsha pampu kidogo unapofungua mlango wa dereva. Huo si ugonjwa.

Acha, ita fundi

Toyota Aqua na mahuluti (haibridi) mengine: usiinue kiti cha nyuma kutafuta pampu. Betri kubwa ya Aqua, ya volti 144, iko huko huko chini ya kiti. Waya wa rangi ya machungwa hauguswi na mtu asiyefunzwa kazi hiyo.

Injini za kupuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda, kama Demio za SkyActiv na Volkswagen za TSI, zina pampu ya pili yenye presha inayoweza kupita baa 100. Umeme wa pampu ya tankini unaweza kuupima kama nilivyoeleza. Mabomba ya upande wa injini usiyafungue.

Acha pia ukikuta plagi iliyoyeyuka juu ya tanki, petroli inayovuja, au kama taa ya mifuko ya hewa imewaka baada ya kugongwa. Land Rover na Ford kadhaa zina swichi inayokata pampu gari likigongwa. Kuibonyeza irudi ni rahisi, lakini kwanza kagua kama mabomba yamepasuka.

Ukifika mahali pa kumpa fundi, mpe namba ulizopata na mahali ulipozipimia. "Nimepata 13.9 kwenye betri na 11.2 kwenye pampu, injini ikiwa inawaka" itakuokolea nusu siku ya kubahatisha.

Na kama vipimo vimeihukumu pampu kweli, nenda dukani na ya zamani mkononi, ulinganishe umbo, miguu ya plagi na presha iliyoandikwa. Shusha presha kabla ya kufungua bomba: chomoa fyuzi ya pampu, acha injini ijizime yenyewe, kisha chomoa waya wa hasi wa betri. Ukishafunga mpya, rudia vipimo vya upotevu wa volti palepale kwenye plagi, washa injini kwa dakika chache, na uangalie kama bomba na pete ya mpira havivujishi kabla ya kurudisha kifuniko na kiti.